Binti analetwa kulala porini Rondo na muongozaji hatatembea nao: nimruhusu?

Swali lenyewe nimelikuta asubuhi, linasema hivi: "Kaka habari za kazi. Binti yangu ana miaka 15, yuko boding Dar, shuleni kwao wanafanya ile tuzo ya Duke of Edinburgh, yeye yuko ngazi ya fedha. Mwezi wa sita wanaletwa huku huku kwetu Lindi, watatembea siku 3 kuanzia Rutamba wanapanda Rondo, wanalala kwenye mahema siku 2. Mwalimu kaniambia kuna gaidi wa kukodi ila hatatembea nao, atakaa mbali. Mimi kwetu ni Rondo, nimekua nikisikia habari za simba, na baba yake ndo kabisa hataki kusikia. Sasa nimruhusu? Na huyo gaidi tunamlipia nini kama hatembei na watoto? Na viatu nshamnunulia."

Dada yangu, kazi nzuri, nashukuru. Unisamehe kwanza, hilo neno gaidi limenichekesha hapa peke yangu mpaka muuza kahawa kaniuliza kuna nini. Najua mtaani wote tunasema hivyo, tua gaidi, gaidi wa mbugani, mimi mwenyewe naitwa hivyo miaka yote, ila baba mtoto akikuta meseji kwenye simu yako inasema kuna gaidi atakaa mbali na watoto porini, hata mimi ningekuwa yeye ningekataa. Tuseme muongozaji yaishe.

Mruhusu, ila usimruhusu leo. Mpigie kwanza mwalimu umuulize haya ntakayokueleza, na utashangaa maana simba sio swali la kwanza, wala muongozaji atakaa umbali gani sio la kwanza. La kwanza ni hao watoto wamefanya nini kabla ya kupanda basi la kuja Lindi.

Nikupitishe haraka kwenye hiyo tuzo ili ukiongea na mwalimu asikuzungushe. Ilianzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, wazo alilipata kwa Kurt Hahn aliyekuwa mwalimu wake mkuu alipokuwa shule, na mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Hunt, yule aliyeongoza msafara uliofika kileleni Everest mwaka 1953. Mwanzoni ilikuwa ya wavulana tu, wasichana wakapata programu yao 1958. Jirani zetu Kenya wao wanaiita Tuzo ya Rais. Hakuna mashindano humo, hakuna namba moja wala namba ya mwisho, mtoto anajipima mwenyewe kwenye kujitolea, kwenye ujuzi fulani, kwenye mazoezi ya mwili, na sehemu ya nne ndo hiyo safari inayokunyima usingizi. Shaba ni kuanzia miaka 14, siku 2 na usiku 1. Fedha kuanzia miaka 15, siku 3 na usiku 2. Dhahabu kuanzia 16, siku 4 na usiku 3. Kwa hiyo binti yako umri wake unamruhusu, na kwa ngazi yake wanatakiwa wafanye kazi ya maana wastani wa masaa 7 kwa siku, kulala na kupika na kula havihesabiwi humo.

Kundi ni watoto 4 mpaka 7. Hiyo 4 usiione ndogo, ina maana yake, mmoja akiumia mguu mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kuita msaada, hakuna anayeachwa peke yake na hakuna anayetembea peke yake. Ukisikia mwalimu anasema ah wako watatu tu lakini ni wazuri, hapo hapo sema hapana.

Sasa tuje kwenye hela yako, kwamba unamlipia nini mtu asiyetembea na watoto. Hili naomba nilikalie kidogo kwasababu ndo kazi yangu na ndo jambo wazazi wengi hawalielewi, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa.

Kundi langu la kwanza la hii tuzo nilitembea nao kama ninavyotembea na wazungu wa Kilwa Kisiwani, mimi mbele na kofia yangu, wao nyuma kama vifaranga, nikiwaambia hapa tunakata kushoto, hapa tunapumzika, kunyweni maji, huu ni mti fulani. Siku ya mwisho mtathmini, yaani yule mtu anayekuja kuangalia kama wamefuzu, akamuuliza binti mmoja kaskazini iko wapi. Yule mtoto akageuka huku, akageuka kule, mwisho akaninyooshea kidole mimi. Watu walicheka lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke. Siku zote hizo walikuwa wananifuata mimi, ramani ipo mfukoni imekunjwa vile vile kama ilivyotoka dukani. Walitembea ndio, wakachoka ndio, lakini ile safari ilikuwa yangu.

Wewe ni mtu wa Rondo, unajua unyago, unajua jando. Huku kusini sisi sio wageni wa jambo la kumtoa mtoto nyumbani ukampeleka porini akarudi mwingine. Tofauti ni kwamba kule kwenye jando wakubwa ndo wanaongea na mtoto anasikiliza, wimbo unaimbiwa na fumbo unafumbuliwa. Huku kwenye hii safari mkubwa ananyamaza. Mtoto ndo anasema tupite wapi, mtoto ndo anasema tumechoka tulale hapa, na akikosea mkubwa anauma meno ananyamaza mpaka kosa lifike pale ambapo likiendelea litakuwa hatari. Kujua ni wapi hapo pa kuacha kunyamaza, hicho ndo unacholipia.

Na huo umbali hatupewi siku ya kwanza kama zawadi, watoto wanauchuma. Kwanza wanafundishwa shuleni, ramani, dira, huduma ya kwanza, kuwasha jiko, kufunga hema. Halafu wanafanya safari ya majaribio, lazima, na huko mtu mzima anatembea nao karibu anawasahihisha. Halafu ndo inakuja hii ya kufuzu. Hata kwenye hii ya kufuzu mimi asubuhi ya kwanza natembea nao kama saa zima bila kusema neno, naangalia tu, nani ana ramani, nani anaachwa nyuma, nani hanywi maji. Nikiridhika naanza kupungua, narudi nyuma mita mia, mia tatu, mwisho hawanioni kabisa. Halafu tunakutana sehemu tulizopanga, kwenye mwembe wa kijiji fulani, kwenye zahanati, kwenye njia panda, kila sehemu ina saa yake. Wakichelewa nusu saa nasubiri, wakichelewa saa moja naanza kutembea kwa ile njia wanayotakiwa kutokea nayo mpaka tukutane, na mwenzangu mwenye gari anaanza kuzungukia upande wa pili. Hiyo ndo maana ya kukaa mbali. Kumtelekeza mtoto ni kitu kingine.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwalimu liwe hilo, wamefanya safari ya majaribio wapi, lini, siku ngapi, nani alikuwa nao na nini kiliharibika. Hiyo ya nini kiliharibika isikilize vizuri. Akikujibu hakuna kilichoharibika kila kitu kilikwenda poa, basi ama hawakwenda ama hakuangalia, sijawahi kuona safari ya majaribio ya watoto ambayo hakuna aliyeunguza ugali au kusahau vigingi vya hema.

Haya, simba. Sitakudanganya dada yangu wala sitakwambia ni hadithi za bibi. Nchi nzima kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 500, wengi wao huu ukanda wetu wa kusini mashariki, na Lindi ni moja ya wilaya zilizoumia sana pamoja na Rufiji. Watafiti walilifuatilia hilo jambo na walichokikuta ni kile ambacho wazee wa kwenu walikuwa wanakijua siku zote, kwamba matukio mengi yalikuwa usiku, wakati wa mavuno mwezi wa tatu mpaka wa tano hivi, watu wanalala shambani kwenye madungu wakilinda mahindi na mpunga dhidi ya nguruwe pori. Simba alikuwa anamfuata nguruwe, anamkuta mtu kwenye kibanda kisicho na ukuta. Sasa ukilielewa hilo unapanga kambi kwa akili, hema halipigwi pembezoni mwa shamba, halipigwi kwenye njia ya kuteremkia maji, linapigwa ndani ya kijiji, kwenye uwanja wa shule au jirani na nyumba ya mwenyekiti baada ya kuongea naye, watoto wanaingia kwenye mahema mapema na mtu mzima analala pale pale, sio kilomita mbili huko. Mchana wanakuwa huru, usiku mimi siendi mbali. Kuna waongozaji wanaona kulala kijijini sio adventure ya kweli, mimi hao nawaacha na adventure zao.

Siku hizi kwa kweli kwenye mkoa wetu kinachonitisha zaidi ya simba ni tembo, kuna maeneo wanaingia mpaka mashambani kwa watu, na habari za tembo zinabadilika wiki kwa wiki. Kwa hiyo muulize mwalimu kama muongozaji ameongea na afisa wanyamapori wa wilaya na watendaji wa vijiji wiki hiyo hiyo ya safari, sio mwezi wa pili alipokuja kupima njia. Na kwasababu Rondo kuna msitu wa hifadhi, kibali cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kiwepo mkononi kabla.

Mimi kinachoninyima usingizi ni maji. Kaa na mimi hapa maana hapa ndo watoto wanapoangukia.

Mtoto anayetembea na begi juani anahitaji lita 4 kwa siku za kunywa na kupika, pungufu ya hapo unatafuta kichwa kuuma na kutapika. Lita moja ni kilo moja. Begi lake lisizidi robo ya uzito wake, kama binti yako ana kilo 48 basi ni kilo 12 na hapo nimeshakuwa mkali. Toa kilo 4 za maji, zimebaki 8, humo kuna hema lake au kipande chake cha hema, shuka au begi la kulalia, nguo, jiko, sufuria, chakula cha siku 3. Sasa nyie mnaojua huko kwetu mnajua kwamba ukishapanda juu, iwe Rondo iwe uwanda wa Makonde, maji ni shida, ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote inakwenda kutokea chini kabisa kwenye miteremko. Wamakonde wamekaa vizazi na vizazi wakiteremka bondeni kuchota na kupanda tena na ndoo kichwani. Mtoto wa Dar amezoea bomba, akiona kijani kibichi kila mahali anadhani maji yapo.

Nilikuwa na vijana wa kiume watano, wana nguvu, wanacheza basketi, wakaamua wenyewe kupunguza maji ili wabebe makopo ya maharage na soda, soda dada yangu, tena za chupa ya plastiki kubwa. Niliona asubuhi wakipanga, nikanyamaza kwasababu nilikuwa na madumu yangu nimeyaficha kwa mzee mmoja juu kule. Saa 6 mchana maji yamekwisha. Saa 7 wanagombana, huyu anamwambia yule wewe ndo ulisema, yule anasema wewe mbona ulikubali. Soda ilishakuwa ya moto inatoa povu tu. Nikawaacha wakae chini ya mti wagombane vizuri, nilikuwa nawaona, nahesabu nani anatokwa jasho na nani ameacha kutokwa jasho, maana akiacha kutokwa jasho na anaongea ovyo hapo hakuna tena mafunzo, hapo ni kivuli, maji, kumpepea na gari. Hawakufika huko. Mmoja, mdogo wao, akasema twende kwenye ile nyumba tukaombe, wakaenda, wakapewa maji ya kisima ya rangi ya chai ya maziwa, wakataka kuyanywa hivyo hivyo, yule yule mdogo akasema hapana tuweke kidonge kwanza. Wakakaa nusu saa nzima wakiyaangalia yale maji yakiwa na kidonge ndani huku midomo imekauka, na mimi nikijua kwamba hao watoto hawatakaa wasahau kuhesabu maji maisha yao yote. Madumu yangu hawakuyajua kabisa mpaka nilipowaambia tumeshafika Lindi mjini.

Maji ya huko yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au vidonge vya klorini na nusu saa ya kusubiri, yakiwa machafu yachujwe kwanza kwa kitambaa. Na pale Rutamba wakiliona lile ziwa watataka kuogelea, hapana, kichocho huku kwetu kipo na kinaingilia kwenye ngozi tu, hata kusimama majini kwa miguu inatosha.

Kupotea watapotea. Hilo uliza kabisa kama mwalimu anakubali kwamba watapotea. Ramani za 1:50,000, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita moja chini, ni nzuri kwa milima na mito ila ni za zamani, njia za miguu zimeshahama, vijiji vimekua, na kitu kimoja ambacho hakuna ramani duniani inakisaidia ni mashamba ya mikorosho. Ukiingia humo kila mti ni ndugu wa mwenzake, njia zinagawanyika kila hatua ishirini, na mtoto anaweza kuzunguka masaa mawili akarudi pale pale kwenye korosho lile lile. Hapo dira inafanya kazi yake kama walifundishwa kuitumia. Wasipoiamini wanauliza mtu, na hapo ndo kuna mtego mwingine, maana wewe unajua mzee wa Kimwera ukimuuliza Rondo iko wapi atakuonyesha kwa mdomo akwambie hapo tu, sio mbali. Hapo tu! Hapo tu ya mzee inaweza ikawa masaa matatu. Sasa nawafundisha watoto wasiulize ni mbali kiasi gani, waulize mzee ukitoka hapa asubuhi jua likichomoza unafika jua liko wapi. Mzee atanyoosha mkono juu kwenye anga akuonyeshe, na hatakosea.

Kwa mwendo hesabu yangu ni kilomita 3 kwa saa wakiwa na mabegi, wakipanda ukingo wa Rondo iwe 2, na mwezi wa sita jua linazama karibu saa 12 kamili, kwa hiyo saa 10 hema ziwe zimeshasimama. Ukiona ratiba ya shule inasema watatembea kilomita 25 siku ya pili, hiyo imepangwa na mtu aliyekaa ofisini akatumia rula.

Mwezi wa sita wenyewe wamechagua vizuri, mvua zimeshakwisha, baridi kidogo asubuhi, na moto wa kuchoma nyika unaanza zaidi baadaye, Agosti kwenda Oktoba, huko sipeleki watoto. Ubaya wa mwezi wa sita ni nyasi bado ndefu na upupu umeanza kukauka. Mwambie binti suruali ndefu na mikono mirefu, na akiguswa na upupu asijikune na asijimwagie maji kwanza, utomvu wa kitu chochote hausaidii kama anavyodhani, ni kuondoa zile nywele kwa gundi ya plasta au udongo mkavu taratibu. Nyoka, waangalie wanapokanyaga na wasitie mkono kwenye magogo. Kama ameumwa, hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kukata damu, ni kutulizwa, kiungo kisicheze, na gari hospitali. Kwa hiyo swali lingine, gari linakaa wapi usiku, na dereva anajua njia ya kwenda hospitali ya Nyangao na ya kwenda hospitali ya Sokoine pale Lindi mjini kutoka kila kambi? Dereva, sio muongozaji tu. Mtandao wa simu kule unakuja ukitaka, watoto wabebe simu moja imezimwa imefungwa kwenye mfuko kwa ajili ya dharura, lakini mipango isitegemee hiyo simu.

Jambo la wasichana wengi wanaliruka wakiona aibu. Kuna mwanamke mtu mzima kwenye msafara? Awepo. Hedhi inakuja siku yoyote na mtoto wa miaka 15 hatamwambia mzee kama mimi, na nimeshaona mtoto anatembea siku nzima bila kunywa maji kwasababu tu anaogopa kuomba kwenda kujisaidia. Mahema ya wasichana mbali na ya wavulana, na mtu mzima yeyote, mimi, mwalimu, dereva, asiwe peke yake na mtoto mmoja, popote. Muongozaji mzuri ukimuuliza hili hakasiriki, anakujibu kabla hujamaliza sentensi.

Uliza pia wanakwenda kutafuta nini. Safari ya hii tuzo lazima iwe na lengo, na Rondo kuna kitu ambacho watu wengi wa Lindi wenyewe hawakijui, kuna komba mdogo sana, gramu 60 hivi, ukimweka kiganjani anaenea, mkia mwekundu umechanua kama brashi ya kuoshea chupa, wanasayansi walimtangaza kama aina ya peke yake miaka ya 1990 na jina lake limetokana na huko huko kwenu. Yumo kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani basi. Watoto wanaweza wakakaa jioni karibu na kambi pamoja na mtu mzima wakasikiliza mlio wake, wakahesabu, wakaandika. Mimi ningekuwa mwalimu ningechagua hilo. Akikwambia lengo ni kuimarisha ushirikiano muulize sawa, lakini wataandika nini kwenye ripoti?

Kuhusu baba mtoto. Mwambie kwamba kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walipokuwa wanachimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, mifupa ile yote, tani zaidi ya 200, ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu wetu, siku 4 kwa miguu kila safari, na msimamizi aliyewaongoza wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Leo dinosaria mmoja wa pale, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama makumbusho ya Berlin. Binti yake anatembea siku 3 na begi la kilo 12 na hema la kulala. Labda hilo litamgusa, wanaume wa huku wanapenda historia. Lisipomgusa usimlazimishe, na huyo binti pia asilazimishwe, hii tuzo ni ya hiari na mtoto aliyepelekwa kwa nguvu ndo anayeumia wa kwanza. Ila kuna njia moja nimeitumia na kina baba wawili watatu, nawaalika wakae na mimi kwenye kituo cha kukutania cha siku ya pili, kwa sharti kwamba hawaongei. Wanakaa kwenye kivuli, wanakula ming'oko, wanaona watoto wanatokea kwenye nyasi wamechafuka wanabishana juu ya ramani, wanapita. Muulize mwalimu kama inawezekana, kama muongozaji ni mtu mwelewa atakubali.

Na hivyo viatu ulivyonunua, viko wapi sasa hivi? Kama viko kwenye boksi vinasubiri mwezi wa sita, vitume Dar wiki hii na soksi nene pea mbili, avae kwenda darasani, avae kufanya usafi, avae mpaka vianze kunuka. Malengelenge ya siku ya kwanza yamewarudisha nyumbani watoto wengi kuliko tembo.